Mabibi Niliowaleta Kutoka Romania

Mpendwa binti yangu Aikande,

Kuna jambo nimelificha miaka mingi, na sasa sina nguvu ya kuendelea kulificha. Kuficha nako ni kazi, kunataka mwili. Wale Mabibi wa msituni, ambao watu wa Mwika wanasema walikupinda mdomo, hawakuwahi kukanyaga mlima huu. Niliwaleta mimi. Niliwatoa Romania nilipokuwa kijana, nikawaweka juu ya chemchemi yetu kwa haja zangu, na mzigo wao ukaubeba wewe.

Nakuandikia gazetini kwa sababu sijui unakaa wapi. Barua mbili nilizotuma Mbeya zilirudi, na juu ya ile ya pili mtu aliandika kwa kalamu nyekundu: hayupo. Huenda mwenye kukujua akaisoma hii akakufikishia. Naandika asubuhi, barazani, kidogo kidogo, maana jua likishapanda shangazi yako huninyang'anya kalamu. Hospitali wamenirudisha nyumbani, wakaniambia nipumzike na ninywe uji. Wewe unajua maana yake.

Kilichonisukuma ni kijana mmoja anayeongoza watalii. Alikuja mwezi uliopita, akaketi kwenye ukingo wa baraza, kofia mkononi, akaniita Meku kama wanavyoitwa wazee wote huku.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba."

"Meku, wageni wanaipenda sana ile stori ya Mabibi. Nawaambia ni mila ya Wachagga tangu enzi za mababu. Sasa kuna Mzungu mmoja kaniuliza, kwa Kichagga wanaitwaje? Nikakwama. Nikamwambia nitakwenda kwa mzee wa misitu, yeye ndiye anawajua."

Hawana jina la Kichagga, Aikande. Nilimwambia aje siku nyingine, nimechoka. Ilikuwa kweli, nimechoka, lakini halikuwa jibu.

Unamkumbuka Ilinca? Hukumwona hata siku moja, lakini ulimjua kuliko ulivyowajua baadhi ya shangazi zako. Alikuwa mpishi katika chuo cha misitu nilichopelekwa kusoma miaka ile ya baada ya Uhuru, kwenye mji wa milimani wenye baridi ya kukata masikio. Mumewe, Marku, alikuwa Mwalbania, na kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa kupasha joto mabweni. Jumapili walinialika kwao kwa supu ya kabichi. Ilinca alinicheka jinsi nilivyovaa koti juu ya koti, kisha yeye na mumewe wakaanza ugomvi wao wa kila juma: viumbe wa nani ni wakali zaidi, wa msitu wa kwao Ilinca au wa mlima wa kwao Marku. Waligombana kama watu wanaoshabikia timu mbili.

Ilinca hakuwataja wa kwao kwa jina. Aliinamisha kichwa akasema tu "Wale." Wanawake wazuri waliovaa nyeupe, wanaocheza kwa duara msituni wakati wa joto, miguu yao haigusi chini. Walipochezea, majani huungua. Yakichipua tena huwa kijani cha kuelekea weusi, na ng'ombe hayali. Mtu akiwaona, anyamaze. Akisimulia, hupindwa mdomo. Ndiyo maana, alisema, ukilazimika kuwataja, waite Wazuri, au Mabibi, wasije wakakasirika.

"Hao wenu ni wacheza ngoma," Marku alimwambia. "Zana wa kwetu akikutazama kwa hasira, unageuka jiwe."

"Basi alikutazama zamani sana," Ilinca akajibu, "ndiyo maana hujawahi kuniinulia hata ndoo."

Lugha yao sikuwa nimeikamata vizuri, lakini neno hilo moja nililisikia wazi: Zana. Nikawaona majembe na mapanga wamejipanga kileleni, wanawakodolea watu macho. Nilicheka peke yangu, nikashindwa kuwaeleza kwa nini.

Wewe ulielewa. Ulikuwa na miaka mitano au sita, umekaa mabegani mwangu, tunapanda kando ya mfongo, ule mfereji wa mababu, kwenda kufungulia maji siku yetu ya zamu. Nilikusimulia Zana, ukacheka hadi ukanipiga mateke kifuani.

"Baba, jembe likikasirika linafanyaje?"

"Linakugeuza jiwe."

"Kumbe mama analikasirisha kila siku. Shamba limejaa mawe!"

Mama yako hakupenda. Alituona tukirudi na matope hadi magotini akasema, "Unamjaza mtoto mashetani ya Wazungu, halafu Jumapili unamwimbisha tenzi." Wewe ukanijibia, "Siyo mashetani, mama. Ni Mabibi." Baadaye ukaanza kuacha kipande cha ndizi mbivu juu ya jiwe pale chemchemi. Nilikuuliza ni cha nani. Ulisema ni cha Ilinca, kwa sababu huko kwao ni baridi na migomba haioti.

Marku alisema pia kwamba kila mtu huzaliwa na Ora wake, mlinzi asiyeonekana: wa mtu jasiri ni mweupe, wa mwoga ni mweusi. Uliniuliza wako ni wa rangi gani. Nilikujibu bila kufikiri kwamba ni mweupe. Uliponiuliza wangu, nilikwambia tuharakishe, maji yanapotea.

Hizo ndizo zilikuwa siku zetu njema, na nimezirudia sana humu kitandani. Nikizirudia huishia mahali pale pale, kwa hiyo heri nipafike.

Ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa sokoni, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na mizani zao, bei ikapanda kidogo kisha ikaanguka ikalala. Baba Eliya, jirani yetu, aling'oa mikahawa iliyopandwa na babu yake akapanda nyanya, na siku ile aliyoing'oa hakula. Ofisini kwetu, idara ya misitu, tulipunguzwa. Tuliobaki tuliachiwa msitu mkubwa na pikipiki moja isiyo na tairi la nyuma. Na Moshi mjini kila aliyekuwa anajenga alitaka mbao.

Wapasua mbao walikuwa wanne. Walikuja nyumbani mchana, kwa adabu, wakaomba maji ya kunywa. Walitaka mikulo, ile miti mikubwa yenye harufu ya kafuri. Sikuwaambia ndiyo. Niliwaambia kwamba kuanzia Jumatatu nitakuwa nakagua upande wa pili wa msitu. Mtu aliyesoma hujua kusema ndiyo bila kuitamka. Walichagua uwanda ulio juu ya chemchemi kwa sababu ardhi ni tambarare na ni rahisi kuchimba shimo: gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja husimama juu, mwingine chini, na msumeno mrefu hupanda na kushuka kati yao. Ukiwa mbali unasikia kama mtu mkubwa anavuta pumzi.

Tatizo lilikuwa kina mama. Ng'ombe wetu hatuwachungi, tunawafungia zizini, na majani yao hukatwa msituni na wanawake. Wangefika pale wangeona, na wanawake wa Mwika wakiona jambo, kufikia jioni limeshavuka Himo. Ndipo nilipomkumbuka Ilinca. Jumapili moja baada ya ibada niliwasimamisha chini ya ngazi za kanisa.

"Mama zangu, pale juu ya chemchemi msikate majani tena."

Mama Eliya, ambaye ulimi wake unaujua, alikuwa wa kwanza. "Kwani kuna nini, Bwana Miti? Umepanda bangi?"

Wakacheka wote.

"Kuna Mabibi."

"Mabibi! Na wao wana kibali cha wilaya?"

"Hawaombi kibali, Mama Eliya. Nenda kaone mwenyewe walipochezea. Majani yameungua duara. Na anayewaona akasimulia, hupindwa mdomo."

Alikwenda, na wenzake wawili. Duara walilikuta ukingoni mwa uwanda, na hawakuthubutu kulivuka waone kilichokuwa mbele. Pale ndipo wapasua mbao walipolundika vumbi la mbao wakalichoma. Mvua ilikuwa imenyesha, na pembeni majani yalikuwa yamechipua mabichi hadi kuelekea weusi. Mama Eliya alikata konzi moja akampelekea ng'ombe wake, ng'ombe akageuza uso kwa sababu ya harufu ya kafuri. Kila neno la Ilinca likawa limetimia. Mimi mwenyewe nilishangaa ilivyokuwa rahisi. Kwa Kiswahili zana ni vifaa vya kazi, na vifaa vya kazi ndivyo vilivyokuwa vinacheza kule juu. Nilikuwa na mzaha huo kichwani, na wa pekee ambaye ningeweza kumwambia alikuwa wewe.

Ulikuja kuniuliza nikipaka viatu rangi. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne.

"Baba, Mabibi si wako Romania?"

"Milima yote ni ndugu, mwanangu. Hutembeleana."

Ulinitazama kama mtu anayetazama maziwa kuona kama yamechachuka. Kisha ukasema, "Sawa, baba," ukaenda.

Kiangazi kilipokaza, ng'ombe wetu akazaa. Majani ya karibu yalikuwa yamekauka. Ulipanda bila kuniambia, ukarudi huna mzigo wa majani wala panga. Mama yako alipokuuliza panga, ulisema umelisahau. Ulinawa mikono muda mrefu. Nilikufuata nyuma ya zizi.

"Umeona nini, Aika?"

"Mti umelala, baba."

"Na nini tena?"

Ukachukua ufagio, ukaanza kufagia zizi.

"Unakumbuka Ilinca alisema nini kuhusu anayeona akasimulia?"

Nilikuuliza kwa sauti ya upole, ile ile ya njia ya mfongo. Nadhani hilo ndilo lililokuumiza. Ulisema, "Nakumbuka. Lakini Ilinca wetu hakuwa wa kunitisha."

Hukusema kwa mtu yeyote. Yalipita majuma mawili. Asubuhi moja tukinywa chai, chai ikakutoka kwenye pembe ya mdomo. Ulicheka, ukidhani ni uzembe, na tukaona nusu ya uso wako inacheka na nusu imetulia. Jicho la kulia lilikataa kufunga. Mama yako aliangusha kikombe. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeenea: Aikande aliwaona. Mama Eliya alituletea maziwa, akayaweka nje ya uzio chini ya jani la mgomba, akaondoka bila kupiga hodi. Yule aliyeniuliza habari za kibali.

Kesho yake nilikupeleka hospitali Moshi. Daktari alikupima, akakwambia usubiri nje, akabaki na mimi. Ulikaa kwenye benchi na kitenge kimefunika nusu ya uso. Nilipotoka nilikwambia, "Daktari ameshindwa. Anasema haoni ugonjwa." Ulisema, "Basi twende nyumbani." Ulinipokea koti ukalibeba, kwa sababu uliona jasho linanitoka.

Jumamosi walikuja wajomba wa Elisante, mchumba wako, kutoka Kwa Sadala. Mbege, pombe ya uchumba, ilikuwa imeshanywewa mara mbili, ilibaki siku ya kanisa tu. Mchungaji wetu alikuwepo. Mjomba mkubwa alizungumza kwa heshima, simlaumu.

"Sisi na binti hatuna neno. Tunaomba tu kujua aliona nini huko, maana ndiye atakayetuzalia watoto. Aseme mwenyewe."

Ulitoa kitenge usoni. Hakuna aliyekulazimisha. Unajua, na mimi nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza, kwamba herufi zinazotaka midomo ikutane zilikuwa zinakuponyoka. Ulisema maneno mawili tu. La kwanza lilieleweka nusu, kwamba ulimwona mtu. La pili lilitoka kama upepo unaopita kwenye mlango mbovu.

"Kasema nini?" mjomba akauliza. "Kamwona nani?"

Watu wote walinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndimi niliyekuwa nimezoea kukuelewa. Na nilielewa. Ulikuwa umesema: "Nilimwona baba."

Nikawaambia, "Anasema aliwaona Mabibi."

Mama yako aliinuka akaenda jikoni. Naye alikuwa ameelewa. Hakuniambia neno kuhusu siku hiyo hadi anafariki, lakini tangu hapo chakula changu alinitengea bila kukaa. Wewe ulirudisha kitenge mahali pake. Ungeweza kuomba kalamu. Ulikuwa umesoma, na karatasi ya mchungaji ilikuwa mezani, umbali wa mkono. Hukuomba. Nimetafuta sababu miaka yote hii, na nimepata moja tu: ulikuwa unanipa nafasi niseme mwenyewe.

Sikusema. Wajomba walikunywa chai wakaondoka, na Elisante akaoa mwaka uliofuata. Baada ya mavuno ya kahawa uliondoka na begi la mama yako. Ulikuja kuniaga, ukasema, "Shikamoo, baba," nami nikajibu marahaba kama ilivyo kawaida. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Wapo waliokuona Mbeya wakaniambia unafundisha watoto wadogo, na kwamba uso umerudi, ila ukicheka upande mmoja huchelewa. Nilifurahi, kisha nikakosa mahali pa kuiweka furaha hiyo.

Juu ya chemchemi sasa kuna visiki. Mfongo unapitisha maji miezi michache tu, na vijana wanaopanda siku ya zamu hurudi mikono mitupu. Wanawake bado hawakati majani pale. Wanasema Mabibi wamekasirika, wamechukua maji. Nimekuwa mzee wa kanisa, nimeamua kesi za mipaka, watu wamenipokea kila mahali kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali la pili. Umri huu ungeniwia mwepesi zaidi kama wangeniuliza.

Shangazi yako ameniambia nikutumie jani la sale. Unajua mila yetu: anayeletewa sale na mkosaji hana ruhusa ya kukataa, hata kama ni damu imemwagika. Lipo, limeota pale kwenye mpaka wetu na Baba Eliya, ningeweza kumtuma mtu alichume. Sitalituma. Nimekulazimisha ya kutosha. Usamehe au usisamehe, iwe hiari yako, na kama hutapenda hata kuisoma hii hadi mwisho, utakuwa na haki.

Kwa watu wa Mwika watakaosoma: binti yangu hakupigwa na kitu chochote cha msituni. Alimwona baba yake amesimama na wapasua mbao, amekwenda kuchukua fungu lake, na hakumsema hadi alipoulizwa mbele ya mchungaji. Yule kijana wa watalii naye awaambie wageni wake kwamba Mabibi ni wageni kama wao.

Uishi vizuri, Aika. Nimebakiza jambo moja, nalo limenichukua asubuhi tatu.

Daktari hakushindwa. Aliniambia ni mshipa wa uso umevimba, ugonjwa unaojulikana, humpata yeyote. Alisema nikuanzishie dawa siku ile ile, kwamba ukiinywa mapema mdomo utanyooka upesi, na kwamba ukikaa bila dawa huenda usinyooke wote. Aliniandikia karatasi. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara, tulipita mbele yake mimi na wewe, ukiwa umebeba koti langu, na ile karatasi imo ndani ya mfuko wake. Sikuinunua dawa, mwanangu, kwa sababu nilijua wajomba wanakuja Jumamosi, na mdomo wako ukinyooka ungeweza kusema "baba" na watu wakaelewa.

Ni mimi,
Baba yako